Kupe na Papasi: Jinsi Wanavyoshika na Jinsi Wanavyonyonya

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwisho wa mwezi, nayo yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa safarini)



Sisi watumishi wa serikali tumepata kutukanwa matusi mengi, na moja lililodumu ni hili la kuitwa kupe. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hili limekuwa na maana mbili katika Tanzania: mdudu wa ng'ombe, na mtu anywaye jasho la wenziwe. Hatukusimama hapa leo kujitetea. Twataka kumtazama kupe mwenyewe, yule wa maana ya kwanza, kwa kuwa wengi wetu tuna ng'ombe wawili watatu huko nyumbani walionunuliwa kwa akiba ya mshahara, na ng'ombe hao hufa. Karani ajua sana kuhesabu karo ya watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja; illa akiulizwa kupe hunyonyaje, hujibu kwamba huuma kama mbu. Jibu hilo si kweli, na kosa lililomo ndani yake ni kosa la gharama.

Juu ya meza hii mnaona chupa yenye spiriti. Ndani yake wamo kupe wanne tuliowatoa katika sikio la ndama mmoja, wote wa aina ile iitwayo kupe wa kahawia wa masikioni. Itapitishwa kwenu baadaye.

Kwanza yafaa tujue kwamba kupe si wa ukoo wa nzi wala wa mbu. Ni wa jamaa ya buibui na nge. Hana mabawa, na miguu yake ni minane. Walakini akitoka katika yai huwa na miguu sita tu, na miwili iliyobaki huipata baada ya kujivua ngozi mara ya kwanza. Kupe wa ng'ombe ana ngao ngumu mgongoni. Katika dume ngao hiyo hufunika mgongo wote, kwa hiyo hawezi kuvimba sana. Katika jike hufunika sehemu ya mbele tu, na nyuma yake ni ngozi iwezayo kutanuka. Hii ndiyo sababu wale tuwaonao wamevimba kama mbegu za mbarika ni majike, nao madume wako papo hapo ubavuni mwao, wadogo, wembamba, wala hatuwatambui.

Kupe huyu wa kahawia hula mara tatu katika maisha yake yote, na kila mara hula juu ya mnyama mwingine. Mtoto mwenye miguu sita hupanda juu ya mnyama, hunyonya siku chache, huanguka chini, hujivua ngozi majanini, akawa tunutu. Tunutu naye hutafuta mnyama wa pili, hunyonya, huanguka, hujivua ngozi, akawa kupe mzima. Mzima hutafuta mnyama wa tatu. Jike akishiba huanguka kwa mara ya mwisho, hutaga mayai yake kwa maelfu mahali penye kivuli, kisha hufa. Kupe wa buluu si hivyo: yeye hukaa juu ya ng'ombe yule yule tangu utoto hata uzima. Twaomba mkumbuke neno hili la wanyama watatu, maana tutalirudia.

Katikati ya chakula na chakula, kupe hungoja. Hupanda juu ya jani, hata karibu na ncha, akajishika kwa miguu ya nyuma, na miguu miwili ya mbele akainyoosha hewani kama mtu aombaye. Haombi, hunusa. Katika ncha ya kila mguu wa mbele mna kishimo kidogo chenye vinyweleo vya kunusia, nacho ndicho pua ya kupe. Kwa kishimo hicho hutambua pumzi ya mnyama, harufu ya mwili wake, na joto lake. Ng'ombe akipita na kuligusa lile jani, kupe huachia jani na kushika manyoya. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha jambo jingine: manyoya yakisuguana hupata umeme mdogo, kama ule wa kitana kivutacho vipande vya karatasi, na umeme huo waweza kumvuta kupe kupita hewani mwendo wa milimeta kadha wa kadha, asiruke wala asiguse. Kupe hana nguvu ya kuruka. Wazee waliosema kwamba kupe huruka labda waliona jambo hili wasijue sababu yake.

Wako pia wasiongoja. Kupe yule mkubwa mwenye madoadoa ya rangi mgongoni, apendaye kiwele na mapaja, hutembea juu ya ardhi kumfuata mnyama. Dume lake likisha kunyonya siku kadhaa hutoa harufu iwaitayo wengine, nao huja wakashika papo hapo, kundi zima mahali pamoja. Twaweza kusema kwamba dume la kwanza hufungua ofisi, kisha hupeleka barua za wito.

Sasa tuje kwenye kushika kwenyewe. Mbu ana sindano. Huichoma, huitafuta mshipa, hunywa, huenda zake, na kazi yote ni dakika chache. Kupe hufanya kazi ya fundi. Akisha kufika juu ya mnyama hutembea kwanza, pengine kwa saa nyingi, akitafuta mahali pa kumfaa. Huyu wa kahawia hutafuta sikio. Kisha huinamisha kinywa. Kinywa chake kina sehemu tatu. Pembeni mna vipapasio viwili, navyo haviingii ndani ya ngozi, hutanuliwa huku na huku. Katikati juu mna visu viwili vyembamba vyenye meno nchani. Na chini ya visu mna kitu mfano wa chusa cha mvuvi, chenye safu za meno yaliyoelekea nyuma.

Visu ndivyo vianzavyo. Mwaka 2013 wataalamu waliwapiga kupe wa Ulaya picha za mwendo kwa kupitia hadubini, wakaona kwamba visu hutoboa ngozi kwa zamu, kimoja baada ya kingine, taratibu mno. Vikisha kuingia, vyote viwili hutanuka kwa pamoja na kujivuta nyuma, kama mwogeleaji apigaye maji kwa mikono yote miwili. Na kila vinapovuta, chusa huingia ndani kidogo. Meno ya chusa hayaruhusu kurudi. Basi kila pigo ni hatua ya mbele. Hakuna nguvu kubwa inayotumika, wala mnyama hashtuki.

Lakini chusa peke yake hakitoshi kwa huyu wa kahawia, maana kinywa chake ni kifupi. Kwa hiyo hutoa katika mate yake kitu kama ulimbo, mweupe, nacho huenea kuzunguka kinywa na juu ya ngozi, kikaganda kikawa kigumu. Kupe amejijengea msingi wa saruji. Ukimvuta waona ngozi inainuka pamoja naye, na mara nyingine hutoka na kipande kidogo cheupe. Watu hudhani ni kichwa, kumbe ni ule ulimbo na ngozi iliyoshikamana nao. Yule mkubwa wa madoadoa ana kinywa kirefu kifikacho chini sana, na akitoka huacha jeraha baya. Ndiyo sababu twaona ng'ombe wenye chuchu zilizoharibika.

Tena kupe hanywi katika mshipa. Visu vyake hukata vimishipa vidogo vidogo, na damu hukusanyika chini ya ngozi kama maji ya kisima kilichochimbwa mchangani. Katika kisima hicho kupe hunywa kidogo, kisha hutema mate, kisha hunywa tena, na hivyo mchana na usiku. Mate hayo ndiyo maajabu yake. Damu ya mnyama ikitoka hutaka kuganda, mate huizuia. Mwili ukiona jeraha huleta mwasho na uvimbe ili mwenyewe ajikune. Mate huyafunga yale yaletayo mwasho. Mwaka 1999 wataalamu walieleza vitu vya namna hiyo walivyovitoa katika mate ya kupe huyu huyu wa kahawia. Mtu akiumwa na siafu hujua saa ile ile, ila kupe aweza kukaa kwapani mwa mtu siku tatu naye hana habari.

Na kwa nini hutema mate mengi hivyo? Kwa sababu damu ina maji mengi kuliko ayatakayo. Kupe huibakiza ile sehemu nzito yenye chakula, na zaidi ya nusu ya maji huyarudisha ndani ya mnyama kwa njia ya mate. Basi kupe si mnyonyaji tu, ni mtemaji pia. Na kila alicho nacho katika mate hukimwaga ndani ya mwenyeji wake. Hapa ndipo penye hatari, wala si katika damu inywewayo, ijapokuwa kupe wakiwa wengi ng'ombe hukonda kweli.

Jike mzima hushika kwa muda wa juma moja, pengine zaidi. Siku nyingi za mwanzo hanenepi sana. Ngozi yake yahitaji kukua kwanza. Dume hupanda juu yake papo hapo anyonyapo. Akisha kupandwa, katika siku moja ya mwisho au mbili, hunywa kwa pupa, akavimba hata kufikia uzito mara mia wa ule aliokuja nao. Asipopata dume hawezi kushiba hasa. Kwa hiyo tumwonapo kupe aliyevimba yatupasa kujua kwamba amekuwapo siku nyingi na kazi yake imekwisha. Wengi wetu humwona huyo tu, tukamng'oa, tukamponda kwa jiwe, tukajiona tumefanya kitu.

Hapa twaomba ruhusa kueleza hasara yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua mtamba chotara kwa akiba ya karibu miaka mitatu, tukampeleka nyumbani chini ya ulinzi wa ndugu yetu mdogo. Tulituma fedha ya bomba na dawa. Kila barua ilisema, "Twamwogesha kila Jumamosi bila kukosa." Kisha ikaja barua kwamba mtamba amevimba tezi chini ya sikio, ana homa, hali majani, na kabla hatujaijibu ikaja ya pili, kwamba amepumua kwa shida siku mbili, povu likamtoka puani, akafa. Mtoto wetu wa pili alikawia muhula mzima kuingia shule ya bweni kwa sababu ya ng'ombe yule. Tulipokwenda likizo tulimkuta ndugu yetu akimnyunyizia dawa ndama wa jirani. Alilowesha mgongo na mbavu vizuri kabisa, dawa ikachuruzika hata chini. Sikio hakuligusa. Ndama alitikisa kichwa, naye akamhurumia. Hatukuweza kumlaumu: katika barua zetu zote tuliandika bei ya dawa na kipimo cha maji, wala hatukuandika neno sikio hata mara moja.

Ugonjwa ule ni ndigana kali. Wazungu waliuita homa ya pwani, maana Robert Koch aliwaona ng'ombe wenye ugonjwa huo Dar es Salaam katika mwaka 1897 na 1898. Mwaka 1901 na 1902 ugonjwa ulifika kusini mwa Afrika pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu, ukaua mifugo mingi sana. Ni Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni la Cape, aliyethibitisha katika miaka ya 1903 na 1904 kwamba ni kupe wa kahawia aupelekao. Kimelea chenyewe kiliitwa theileria kwa jina la Arnold Theiler, mganga wa wanyama wa Transvaal.

Sasa mkumbuke wale wanyama watatu. Mtoto wa kupe atokaye katika yai ni safi. Mama hamrithishi theileria. Akinyonya ng'ombe mgonjwa hukichukua kimelea, akaanguka nacho, akajivua ngozi, na akiwa tunutu hukipeleka kwa ng'ombe wa pili. Au hukichukua akiwa tunutu, akakipeleka akiwa mzima. Huko majanini aweza kungoja miezi mingi akiwa nacho. Lakini kimelea hicho hakiko tayari siku kupe ashikapo. Kimelala katika tezi za mate, na joto la mnyama pamoja na kule kunyonya ndiko kukiamshako; huhitaji siku tatu hata tano za kukomaa, ndipo kimwagwe pamoja na mate. Basi kupe akifa siku ya kwanza au ya pili, amekula kidogo na hakuacha chochote. Akifa siku ya sita, barua imekwisha kutiwa posta.

Kwa hiyo yule aliyevimba tumpondaye kwa jiwe ndiye tuliyemchelewa. Na kwa hiyo josho la mara moja kwa mwezi halizuii ndigana, hata likiwa na dawa kali. Palipo na kupe wengi na ng'ombe chotara desturi ni kila juma, na mahali pengine mara mbili kwa juma. Anyunyiziaye kwa bomba na aanze na sikio, ndani na nje, kisha chini ya mkia, kisha kiwele na mapaja, na mgongo uwe wa mwisho, kwa maana mgongoni ndiko kupe wasikopenda. Dawa isipunguzwe ili ifike mwisho wa mwezi. Dawa hafifu huwaua kupe dhaifu, ikawaacha wale wenye nguvu wazae. Majosho ya zamani yalitumia aseniki, na kupe wa buluu wakaizoea. Dawa zilizofuata nazo zimezoewa moja baada ya moja.

Iko chanjo pia, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: ng'ombe hutiwa theileria hai, na papo hapo hudungwa dawa ya kuizuia isimwue, naye hupona akiwa na kinga. Huko Umasaini, kaskazini mwa Tanzania, wafugaji wengi wameipokea. Bei yake si ndogo, walakini mtamba mmoja ni bei kubwa zaidi. Mwenye kuitaka na amwone bwana mifugo wa wilaya yake.

Kwa mtu, au mbwa, akionekana kupe ameshika, msimchome kwa kijinga cha moto wala kumpaka mafuta ya taa. Akisumbuliwa hutema. Mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, msimminye tumbo, mvuteni polepole pasipo kupindisha, hata ulimbo uachie. Kisha osheni mahali pale kwa sabuni.

Limebaki neno la papasi, na hili lawahusu hasa wenzetu wanaohamishwa na kulala nyumba za wageni za udongo. Papasi ni ndugu wa kupe, ila hana ngao; ngozi yake ni kama ngozi ya kiatu iliyokunjamana, na kinywa chake kiko chini ya mwili, hakionekani kwa juu. Hakai juu ya mtu. Hukaa katika nyufa za sakafu na kuta, aweza kukaa na njaa kwa miaka, na usiku hutoka, hunyonya nusu saa hivi au saa moja, akarudi ufani kabla ya alfajiri. Hajengi msingi wa ulimbo, kwa kuwa hana haja ya kukaa. Yeye naye hutoa maji yaliyozidi, lakini si kwa mate. Huyatoa katika tundu karibu na miguu ya mbele, yakamlowesha mtu pale pale penye jeraha. Vijidudu vya homa ya papasi, vyenye umbo la parafujo, vimo katika mate na katika maji hayo. Tena papasi huwarithisha watoto wake vijidudu hivyo katika mayai. Koch aliyaona hayo katika nchi yetu mwaka 1905. Mwaka huo huo Everett Dutton, mganga kijana wa Kiingereza aliyekuwa akiichunguza homa hiyo Kongo, alikufa kwayo huko Kasongo.

Mwaona basi kwamba shauri la kupe halifai kwa papasi. Kujikagua asubuhi hakusaidii, maana amekwenda zake, na kazi yake hakuingoja siku tatu. Kwake yeye shauri ni la nyumba: sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu, kitanda mbali na ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Katika tembe za Ugogo homa hii imejulikana tangu zamani, na wanawake wenye mimba ndio waumiao zaidi, wengi wakapoteza mimba. Homa ikija, ikaondoka, ikarudi baada ya siku chache, msidhani daima ni malaria. Mwambieni mganga kwamba mmelala nyumba ya udongo, na mahali gani, ili damu itazamwe kwa hadubini. Dawa yake iko, nayo si ghali.

Bwana Mwenyekiti, saa yetu imekwisha. Chupa itapita kuanzia mstari wa mbele. Kioo cha kukuzia ni kimoja tu, tena cha kuazima, kwa hiyo kisishikwe na mtu mmoja muda mrefu. Yule mdogo mwenye ngao mgongo mzima ndiye dume. Yule aliye mdogo zaidi yake ni tunutu. Yule aliyevimba mlikwisha kumjua. Wa nne, mwembamba, ni jike wa siku ya pili. Mtazameni huyo zaidi ya wengine.